Siku Lemuel Alipompita Kaka Yake

Rayford Tarver alicheza mpira wa Kimarekani wa kulipwa kwa miaka tisa, na katika miaka hiyo yote watangazaji walimtaja mara chache kuliko walivyotaja hali ya hewa. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye mstari wa mbele na kuyazuia majitu ya upande wa pili yasimfikie mwenzake anayerusha mpira. Mzuiaji akiifanya kazi hiyo vizuri, hakuna anayemwona. Akizidiwa na kumshika mpinzani jezi, mwamuzi hurusha kitambaa cha njano, huwasha kipaza sauti, na kuitangazia nchi nzima namba ya mkosaji. Namba ya Rayford ilikuwa sitini na sita.

Mama yake, Ozella Tarver, hakuupenda kabisa utaratibu huo. Alikuwa mmoja wa akina mama wa kanisa pale Tillery, Mississippi, wale wanaokaa benchi la mbele na nguo nyeupe kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Kwake, kosa lako likitajwa hadharani, limetajwa kosa la nyumba nzima. Akina Tarver walikuwa wamelima ardhi yao wenyewe tangu enzi ambazo kuwa na ardhi peke yake kulitosha kumletea mtu mweusi matata, na katika muda wote huo hakuna aliyewahi kuwanyooshea kidole. Ozella hakuona kwa nini mwamuzi mwenye fulana ya mistari ndiye awe wa kwanza.

Mwanawe wa pili, Lemuel, aliyepishana na Rayford kwa miaka mitatu, naye alicheza kwa mshahara, lakini kazi yake ilikuwa ile ya kuvunja ukuta ambao watu kama kaka yake waliujenga. Walijifunza pamoja nyuma ya banda la kuku, Rayford akizuia na Lemuel akisukuma, hadi nyasi za pale zikakata tamaa ya kuota. Katika utoto wao wote Lemuel hakupita hata mara moja.

Novemba ya mwaka 1991 timu zao zilikutana, na ndugu wale wawili wakapangwa uso kwa uso. Lemuel alikuwa na hali mbaya. Timu yake ilikuwa imeshamleta mtu mwingine kwa majaribio, na kila mmoja alijua ni nafasi ya nani inayotafutiwa mtu. Ozella alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani mwake, akakaa katikati ya watu elfu sabini na mkoba mapajani.

Katika kipindi cha mwisho Lemuel alimpita kaka yake. Rayford akamshika jezi. Kitambaa cha njano kikaanguka, na sauti ya mwamuzi ikazunguka uwanja mzima: sitini na sita, kushika.

Isidhaniwe kwamba Rayford alikuwa mwongo. Uongo wake mkubwa ulikuwa mmoja, na aliusema baada ya mchezo, akiwa kwenye ujia wa zege chini ya majukwaa, mbele ya mama aliyevaa kofia ya Pasaka mwezi wa Novemba.

"Rayford, wamekutaja."

"Wametaja namba tu, Mama."

"Namba ya nani?"

Angeweza kujibu kwa maneno mawili, kwamba Lem kamzidi. Lakini aliuona uso wa mama yake, akamkumbuka na kijana aliyemfundisha mwenyewe nyuma ya banda la kuku, na maneno yale mawili yakakataa kutoka.

"Nilimwachia, Mama. Timu yake inataka kumfukuza. Nikamwacha apite, halafu nikamshika makusudi ili kila mtu aone kwamba kanishinda."

Aibu yote ikamtoka Ozella usoni. Siku ya Sikukuu ya Shukrani aliisimulia habari hiyo kanisani, Lemuel akiwa benchi la pili. Mchungaji akaichukua, akaihubiri pamoja na habari za Yusufu na ndugu zake. Timu ya Lemuel ilikuwa imeona jinsi alivyompita mzuiaji mwenye sifa, ikambakisha miaka miwili zaidi. Rayford alidhani mdogo wake, aliyejua mwenyewe alivyopita, anaichukulia hadithi ya Mama kama maneno ya mama tu. Kila mwaka alipania kuisahihisha, na kila mwaka Mama aliisimulia kwa furaha zaidi.

Mpira ulipokwisha, wote wawili walirudi Tillery. Rayford alipata kazi ya mabomba ya maji ya wilaya, Lemuel akafungua karakana ya kutengeneza mashine za kuvuna pamba. Waliishi umbali wa kuitana kutoka barazani, wakasaidiana kujenga, kuzika na kuozesha. Kuhusu mpira, Lemuel hakuwa na la kusema.

Ikafika Julai ya mwaka 2013, Jumamosi ya mkutano wa ukoo. Ozella, akiwa sasa na miaka themanini na minne, alikuwa ameagiza fulana za mwaka huo mwenyewe. Zilikuwa za njano, zenye majina ya wanawe kifuani na chini yake maneno "Mlinzi wa Ndugu Yake." Watu tisini walizivaa, na mtoto wa miezi minne naye akavikwa. Lemuel alikuja na shati lake la bluu la karakana.

Hilo si jambo linalofanywa. Ozella alimwita Rayford kwa kidole, naye Rayford akaanza kwa Verdell, mke wa Lemuel.

"Shemeji, usiniulize mimi," Verdell alisema, mikono yake ikiwa ndani ya sufuria ya mboga za sukuma wiki. "Nimeipiga pasi, nimeitandaza kitandani. Ameiangalia kama nyoka."

Lemuel alikuwa uani, akikaanga kambale kwenye sufuria kubwa ya mafuta. Rayford akasimama upande usio na moshi.

"Lem, fulana haikukutosha?"

"Inanitosha."

"Mama anauliza."

"Mwambie nakaanga samaki. Mafuta yanaruka."

"Mwaka jana ulikaanga na fulana."

Lemuel aligeuza kambale wote mmoja mmoja, taratibu, kabla hajajibu. "Hisani yako nimeivaa miaka ishirini na miwili, Kaka. Nimeivaa kimya kimya, sijalalamika. Leo mnataka niivae kifuani, na maandishi?"

"Hisani gani?"

"Usijifanye. Ile miaka miwili ya mwisho niliyocheza ni yako, ulinipa wewe. Wanangu wakiniuliza habari za mpira nawaambia wakamwulize baba yao mkubwa. Niwasimulie nini? Kwamba nilipitishwa mlangoni kama mgeni?"

Rayford alijiona mjinga kama mtu aliyekalia mguu wa mwenzake miaka mingi akidhani ni kiti. "Lem, sikukuachia. Nilimdanganya Mama."

Lemuel alicheka, lakini si kwa furaha. "Ndiyo wewe huyo. Sasa unataka kunipa na hii."

Hapo Rayford akakwama. Alikuwa mtu wa kutoa. Tillery nzima ilijua hivyo, na hakuna anayemwamini mtu wa kutoa anaposema kwamba safari hii alinyang'anywa. Mwisho akanyoosha mkono wa kushoto juu ya moshi. Kidole cha pete kilikuwa kimepinda kama ndoana. Pete yake ya ndoa aliivaa mkono wa kulia kwa sababu hiyo.

"Mlango wa gari," Lemuel akasema. Kila mtu alijua habari ya mlango wa gari uliokibana kidole hicho.

"Gari hilo lilikuwa na namba tisini na tatu mgongoni."

Tisini na tatu ilikuwa namba ya Lemuel. Akaacha kugeuza samaki.

"Ulinidanganya kwa bega la kulia," Rayford akasema. "Miguu yangu ikaenda huko. Wewe ukarudi ndani, mkono juu ya kichwa changu kama mtu anayeogelea. Nilikuwa nimeshachelewa, Lem. Nilishika nguo kama mtu anayeanguka kutoka kwenye paa. Kidole kikanasa kwapani mwa jezi, na wewe hukusimama. Mtu anayemwachia mwenzake hufungua mkono."

Lemuel akakishika kile kidole, akakipindua huku na huku kama anavyokagua chuma kilichochoka. "Nilisikia kitu kimelia *ta*," akasema polepole. "Nilidhani ni mshono."

"Ulikuwa mfupa wangu."

"Nilikuvunja?"

"Ulinivunja."

"Wewe? Rayford Tarver? Ukuta wa Mississippi?"

"Samaki wanaungua, Lem."

"Waache waungue! Sema tena."

Rayford akasema tena. Lemuel akacheka hadi akajifuta macho kwa mkono ulioshika koleo la samaki, ikabidi afutwe mafuta. Kisha akatulia. "Kamwambie Mama."

Mama alikuwa ameshaletewa kipaza sauti. Rayford akapiga goti kando ya kiti chake.

"Mama, ile hadithi usiisimulie."

"Kwa nini? Nimevaa kofia kwa ajili yake."

"Si kweli. Lem alinizidi. Mimi ndiye niliyeitunga."

Ozella alikilaza kipaza sauti mapajani. "Yaani nimeshuhudia uongo kanisani miaka ishirini na miwili?"

"Ndiyo, Mama."

"Na Mchungaji akauhubiri?"

"Mara tatu."

"Mara nne. Ile ya nne ulikuwa na homa." Akaiweka sawa kofia yake, ingawa haikuwa imehama. "Kwa nini, mwanangu?"

"Niliona umeaibika."

"Niliaibika, ndiyo. Ile aibu ingekuwa imekwisha kabla ndege haijatua. Hii je, nitaimaliza lini, na umri huu?"

Rayford alibaki amepiga goti, na goti lilikuwa bovu.

"Alikuzidi wazi?" Mama akauliza.

"Wazi kabisa. Nilichopata ni kipande cha nguo tu."

Ozella akageuka kuelekea uani, kwenye moshi. Alipogeuka tena, macho yake yalikuwa yamelowa na sauti yake ilikuwa ile ya mwalimu wa Shule ya Jumapili. "Nimezaa wanaume wawili, na mmoja nimemlia haki yake mezani kwangu kila mwaka, nikiona namsifu mwenzake. Simama. Shika hiki kipaza sauti useme mwenyewe. Na ufungue mdomo."

Rayford akasimama mbele ya ukoo wa Tarver, fulana tisini za njano, akaeleza yote: bega la kulia, mkono wa mwogeleaji, kidole, na uongo wa kwenye ujia wa zege.

"Rudia!" Verdell akapaza sauti kutoka mezani. "Huku nyuma hatujasikia ni nani aliyeshindwa!"

"Ni mimi, shemeji!"

Kicheko kikaanzia kwa Verdell kikazunguka uwanja. Ozella akamwita Lemuel, naye akaja akinuka mafuta, akasimama mbele ya kiti. Mama akamtazama kuanzia viatu hadi kichwani, polepole, kama mtu aliyepokea mzigo uliochelewa sana.

"Umenenepa," akasema. "Lakini uliweza."

Jumapili Ozella alisimama kanisani na kuirudisha hadithi mahali pake, bila kumficha mtu, na Mchungaji hakupungukiwa na cha kuhubiri. Jumatatu Rayford alikuwa ndani ya mtaro kando ya kinu cha pamba, maji ya bomba lililopasuka yakimfika magotini, gari la Lemuel liliposimama pembeni. Ndani mlikuwa na wakulima wawili waliokuja kuchukua mashine zao.

"Kaka! Waambie hawa. Wanasema nazidisha."

"Lem, niko kazini."

"Dakika mbili tu. Anzia pale kwenye bega."

Rayford akaiegemeza spana yake ukingoni, akafuta mikono, akawatazama wale wakulima, kisha akamtazama mdogo wake, aliyekuwa ameshazima gari na kutoa kiwiko dirishani.

"Huwezi kuanzia kwenye bega," akasema. "Hawataelewa. Lazima nianzie kwenye banda la kuku."