Mzunguko wa Tatu wa Seabelo

Mantwa hakuwahi kuingia ndani ya gari na viatu. Awe dereva au abiria, alikaa kwanza kwa pembeni, miguu nje, akavua viatu, akavigonganisha soli kwa soli mara mbili, ndipo akaingiza miguu. Kaka yangu Seabelo ndiye aliyemzoesha hivyo walipooana, maana hakutaka mchanga wa mtaa wetu wa Sebokeng ndani ya gusheshe lake. Siku tuliyomzika Seabelo, Mantwa alivua viatu mlangoni mwa gari la familia, mbele ya mchungaji, na shangazi mmoja akanong'ona, "Huyu mjane amechanganyikiwa." Hakuwa amechanganyikiwa. Mazoea tuliyoachiwa na mtu hayapati habari kwamba amekufa.

Gusheshe ni ile BMW ya zamani yenye umbo la sanduku, inayosukumwa na tairi za nyuma. Kaka alilitilia injini kubwa ya silinda sita, likawa na mwili mwepesi na moto mkali. Ukigusa mafuta kwenye kona, nyuma inataka kutangulia mbele. Jumatatu hadi Jumamosi alinyoosha mabodi ya magari ya watu. Jumapili alilizungusha lake uwanjani, likiserereka ubavuubavu, na watu wakapiga miluzi.

Kwetu mzungushaji akifa, gari lake huzungushwa kwenye njia panda ya mtaa wake kabla jeneza halijapita. Mara tatu. Mzunguko wa kwanza ni wa nyumbani, wa pili ni wa wenzake, wa tatu ndio unaomruhusu aende. Lakini Mama alikataa. "Mwanangu ni mtu wa kanisa," alisema. "Hataondoka kwa moshi wa tairi." Tukamzika bila gari lake kuwashwa.

Wiki ile ile Mantwa alikuja chumbani kwangu.

"Wifi, kaka yako hajaondoka. Namsikia koridoni. Hajaruhusiwa."

Nilikuwa na majibu mengi ya vitabuni. Lakini mimi pia nilikuwa nikimsikia.

Aliamua kwamba siku ya kuvua nguo za eda, mwaka ukitimia, atalizungusha mwenyewe. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi, gari alilijua la kwendea sokoni tu. Safari hii Mama hakukataa. "Nguo zikishavuliwa, fanya utakalo," akasema. "Kabla ya hapo nisisikie."

Bra Zefa, yaani Kaka Zefa, rafiki wa Seabelo tangu utotoni, akakubali kumfundisha katika kiwanda cha matofali kilichofungwa. Tulikwenda alasiri, sufuria za shule zikishaoshwa, tukarudi kabla jua halijazama, maana mjane hakutwi na giza nje. Mimi nilifuatana nao ili watu wasipate la kusema.

Mwezi wa kwanza aligonga mapipa yote aliyopangiwa na Zefa ayazunguke.

"Shemeji, hilo pipa limekukosea nini?"

"Lilikuwa mbele yangu."

"Lilikuwa pembeni! Wewe ndiye uliyelikodolea macho. Gari linakwenda unakotazama. Na nyuma ikitoka usitoe mguu ghafla kwenye mafuta. Ukitoa, tairi zinashika, linakurusha upande wa pili."

"Na nisipotoa?"

"Linazunguka mpaka kwenu Qwaqwa. Punguza kidogo kidogo, kama unaonja chumvi. We si mpishi?"

Shida kubwa ilikuwa shuka. Mjane wa kwetu hufungwa shuka jeusi mabegani, likabanwa kifuani kwa pini, na halivuliwi nje ya nyumba mpaka siku yake. Gari likianza kuserereka, usukani unatakiwa kukatwa haraka kuelekea kule nyuma inakokimbilia, mkono juu ya mkono. Shuka lilimshika viwiko, kila mara akachelewa.

"Livue," Zefa alimwambia. "Hakuna anayetuona hapa."

"Na Mungu?"

"Mungu ataelewa, naye ana kazi ya kuendesha dunia."

"Zefa, mama mkwe akisikia, utahamia wewe kwake umpikie?"

Hakulivua. Alishindwa miezi mitano. Halafu alasiri moja ya baridi, amechoka, viwiko vimebanwa, nyuma ikatoka na yeye akafumbua tu viganja. Usukani ukajizungusha wenyewe ndani ya mikono yake, magurudumu ya mbele yakajielekeza kule gari linakokwenda. Akaushika taratibu pale ulipotulia, mguu umetulia kwenye mafuta, na gusheshe likachora duara zima, ubavu mbele, vumbi likisimama nyuma yake kama ukuta.

Zefa alitupa kofia chini. "Nani kakufundisha hiyo?"

"Shuka."

"Miaka ishirini nanyang'anyana na usukani, kumbe ulitaka kuachiwa!"

Kuanzia hapo alijua. Siku moja nilikaa kando yake, nimeng'ang'ania mlango. Gari lilipokuwa katikati ya kuteleza, halijaamua kushika wala kuzunguka, uso wake ukalegea kama wa mtu anayesikia jina lake likiitwa kutoka chumba cha pili. Nilitazama nje. Nilimwonea wivu. Mimi sikuwa na mahali pa kwenda kumtafuta kaka.

Siku ilifika mwezi wa tatu, mwaka ulipotimia. Asubuhi aliogeshwa, akavuliwa nguo nyeusi, Mama mwenyewe akamvika gauni la njano. Tukala ugali na utumbo, tukanywa pombe ya tangawizi ambayo wazee walidai haileweshi. Kisha mtaa mzima ukajipanga njia panda.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa safi. Wa pili ulikuwa mzuri kuliko mingi ya kaka mwenyewe. Nyuma ilipita kando ya ukingo wa barabara kwa kiasi cha kiganja, na kina mama wakapiga vigelegele. Alipouingia wa tatu, gari likasimama ghafla, limekaa mkingamo, injini ikinguruma, moshi ukilipita juu.

"Limemshinda!" mtu akapaza sauti. "Kwa mwanamke, amefika mbali!"

Mama alikuwa ametoka hadi getini, aproni kiunoni. "Mbona miwili?" aliuliza. Kumbe naye alikuwa akihesabu.

Zefa alikimbia dirishani. "Rudia, shemeji! Bado mmoja!"

"Mikono imenizidi," Mantwa akasema. "Nimezoea kubanwa na shuka." Akazima injini, akatia ufunguo mfukoni mwa gauni.

Nilimkasirikia. Mwaka mzima wa vumbi, na kaka tumemwacha nusu njia. Nilimsalimia kwa adabu tu mpaka mwezi wa sita, alipofunga mizigo arudi kwa wazazi wake Qwaqwa na gusheshe lake. Hatukuonana tena. Moyo ulimsimama huko miaka miwili baadaye, akiwa jikoni.

Asubuhi ile ya kuondoka nilimsindikiza hadi garini. Alishusha kioo, akanishika kidole kimoja tu cha mkono.

"Wifi, mikono haikunizidi. Ule wa tatu nilikuwa nao tayari. Nikawaza, kaka yako akishaenda, humu ndani nitabaki na nani?"