Siku Baba Alipoigiza Jirani Yetu

Kila ninapopita Kizuka, kwetu Burundi, na kusikia harufu ya mawese yanayochemka, narudi kwenye uwanja wa shule, siku ya tamasha letu la kwanza la michezo ya kuigiza. Watu wa mtaa waliliandaa wenyewe, bila malipo. Nilikaa chini, katikati ya wanawake waliotoka kukamua mawese, mikono yao ingali myekundu.

Tuliporudi kutoka ukimbizini Tanzania tulimkuta jirani akilima shamba letu. Yeye na baba hawakusalimiana, ingawa wote wawili walijitolea kuigiza. Mwalimu aliyeongoza mchezo akawabadilishia nafasi: jirani awe mkimbizi anayerudi, baba awe mtu anayemfukuza.

Jirani akaingia na mkeka kichwani, akatoa salamu ya amani kwa Kirundi.

"Amahoro, muzee. Hapa ndipo nilizaliwa."

Baba alitakiwa kufoka. Badala yake akasema, kwa sauti yake ya nyumbani:

"Ingia, ndugu yangu. Nafasi iko."

Jirani akashindwa kuendelea, akalia mbele ya watu wote. Sikujua kwamba mtu mzima anaweza kulia hivyo.

Kesho yake asubuhi jirani alikuja kwetu na jembe, akamwuliza baba:

"Tupitishe mpaka wa shamba wapi?"