Vidonge Nyuma ya Mgongo wa Baba Mkwe

Nilirudi Tukuyu nikiwa na stashahada ya ufamasia, friji ya mafuta ya taa na mabati ya kuezekea nyumba mbili. Hakuna hata kimoja nilichorithi. Baba yangu, mkulima wa Nkunga, aliniachia migomba na jembe lililovunjika mpini. Karo ya sekondari niliipata kwa kuchuma chai na kubeba mikungu ya ndizi kichwani hadi sokoni, na chuo nilikimaliza Dar es Salaam huku nikiwashonea watu mashuka. Kwa hiyo, soko huria lilipoingia na vijana waliouza betri na sabuni wakaanza kuuza na dawa humo humo, mimi nilifungua duka Makandana, hapo hapo Tukuyu, na kuitundika stashahada ukutani, ndani ya kioo, mahali ambapo mteja hawezi kukwepa kuiona. Ukitaka dawa, watu walisema, nenda popote. Ukitaka dawa na maelezo yake, nenda kwa yule mama mwenye kioo. Walisema kweli.

Mdogo wangu, tuliyezaliwa naye tumbo moja, alikuwa ameolewa Isongole, akiishi nyumbani kwa wakwe zake. Alijifungua mara mbili kwa upasuaji, na mara ya tatu mtoto akatoka mfu na yeye akavuja damu hadi midomo ikawa myeupe. Daktari alimwambia mbele yangu na mbele ya mumewe kwamba mimba nyingine huenda ikamuua. Mume alikuwa dereva wa lori la viazi la Dar es Salaam, mtu mcheshi, lakini siku ile hakucheka. Tulipotoka nje alisema, "Daktari si Mungu, shemeji." Habari ya kufunga kizazi hakutaka hata kuisikia, kwa kuwa bado hakuwa na mtoto wa kiume.

Miezi kadhaa baadaye mdogo wangu alikuja dukani peke yake, akasubiri wateja waondoke.

"Dada, nataka vidonge vya majira."

Duka lolote lingempa pakiti na chenji. Mimi kwanza nilimpeleka kliniki ya uzazi wa mpango apimwe presha, kisha nikamkalisha nyuma ya kaunta nikamhoji. Anavuta sigara? Ananusa tumbaku? Ananyonyesha? Amewahi kuvimba mguu mmoja ukawa na maumivu? Macho yamewahi kuwa ya manjano? Kichwa kikimuuma, huona vimulimuli kwanza? Anameza dawa za kifua kikuu au za kifafa?

"Unanihoji kama polisi."

"Polisi hawajasomea haya."

Alicheka. Nilifurahi kumsikia akicheka.

Majibu yote yalikuwa mazuri, kwa hiyo nikamweleza, na nilieleza vizuri, maana hiyo ndiyo kazi niliyoisomea. Kidonge kimoja kila siku, saa ile ile, mume awe nyumbani au awe Dar es Salaam. Fuata mishale kwenye pakiti. Vile vya kahawia vya mwisho ni vya kuongeza damu tu, lakini navyo vimeze usije ukapoteza mpangilio, na pakiti ikiisha anza nyingine kesho yake. Ukisahau kimoja, kimeze mara unapokumbuka, na cha leo ukimeze kwa saa yake. Ukikosa viwili au zaidi, meza kimoja tu mara moja, endelea kama kawaida, na usimwamini mume bila kondomu hadi umeze siku saba mfululizo. Kisha njoo kwangu. Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, meza kingine. Kifua kikibana, mguu ukivimba, kichwa kikiuma ajabu au macho yakififia, acha na ukimbilie hospitali. Weka pakavu, mbali na moto na mbali na watoto. Tena funga kidonge na kazi unayoifanya kila siku, ili kazi ikukumbushe.

Alirudia yote bila kukosea. Mtoto wa baba yangu, hata asiposoma, kichwa anacho.

Kazi aliyoichagua ilikuwa kuosha vyungu. Jikoni kwa wakwe zake palikuwa kibanda peke yake, na kwenye ukuta wa upande wa mbali na moto kulikuwa na tundu ambamo zamani iliwekwa chumvi. Chumbani kwake mawifi walifungua masanduku yake wapendavyo, lakini tundu lile halikuwa na mwenyewe, na humo akaficha pakiti. Kila jioni alikuwa wa mwisho jikoni. Alimaliza vyungu, akameza, akafunga mlango. Hakukosa. Mumewe alikuja na kuondoka na lori, na mimba haikuingia. Mama mkwe alianza kumsema: "Shamba hili limechoka mapema." Mdogo wangu alinisimulia hayo huku akimwigiza mama mkwe wake, mkono kiunoni, na sote wawili tukacheka nyuma ya kaunta.

Hapa lazima niseme jambo ambalo kwetu halihitaji kusemwa. Mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Kanisa limelegeza, mji umelegeza zaidi, lakini kwa wazee wa Isongole wa wakati ule ilikuwa bado sheria. Akimsikia anakuja, hujificha kwenye migomba au hujifunika khanga uso mzima. Nyumba aliyomo mzee haingii. Miaka yote aliyokaa kwenye ua ule mdogo wangu hakuwahi kumtazama baba mkwe wake, na yeye mzee hakuijua sura yake.

Baridi ya mwaka ule ilikuwa kali, na mzee akaugua kifua. Wakamhamishia jikoni, kwenye joto, akawa anakaa na kulala humo. Waliweka kiti chake cha kuegemea upande ule wa mbali na moto, ili moshi usimfikie, na mgongo wake ukaziba tundu la chumvi.

Mama mkwe akashika upishi. Mdogo wangu akapikia nje, chini ya mabati ya kuhifadhia kuni. Angemtuma nani? Mawifi? Watoto wake wadogo, ambao wangemwonyesha bibi? Kutoka kuja kwangu hakuweza, viazi vilikuwa vinachimbwa na lori lilikuwa linasubiriwa. Likaja, na mume akaja nalo, akalala nyumbani.

Mzee alipopata nafuu na kuanza kuota jua mchana, mdogo wangu aliingia jikoni. Wiki iliyofuata alikuja dukani, amechoka usoni.

"Dada, usihofu. Nimevilipa."

"Umevilipa nini?"

"Vile nilivyokosa. Nilivimeza vyote pamoja. Nilitapika sana, lakini nilivilipa."

Nilimwelewa mara moja, kwa kuwa mimi naye tulikulia kwenye chai. Shambani, ukikosa kazi leo, kesho unapewa vipande viwili vya kazi, unavimaliza, msimamizi anaridhika na hudaiwi kitu. Hivyo ndivyo mama alivyotulea, hivyo ndivyo nilivyopata karo yangu. Lakini mwili hauna msimamizi.

"Nilikwambia kimoja tu," nikasema. "Nilikwambia uje."

"Ndiyo nimekuja."

"Na mume?"

Akainamisha kichwa. Nilimpa kondomu, nikamwambia asirudie vidonge kwanza, arudi apimwe mkojo. Alirudi. Majibu niliyasoma mwenyewe kabla muuguzi hajafungua mdomo.

Kuanzia hapo nilifanya kila ambacho mtu mwenye elimu angefanya. Nilimpeleka kliniki kila mwezi. Nilimkalisha mumewe kwenye benchi la dukani kwangu na kumwambia kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa kwamba mkewe hatazalia Isongole. Alikubali, safari hii bila kumtaja Mungu. Nilitenga chumba nyumbani kwangu, chenye kitanda cha chuma na dirisha la kioo, hatua chache kutoka hospitalini. Tulipatana kwamba ahamie mapema, kabla mimba haijakomaa.

Siku niliyokwenda kumchukua nilikodi pikapu, si kama wengine wanaopanda juu ya magunia. Dereva aliegesha barabarani, kwa sababu gari halikuweza kuingia hadi uani. Nilipofika mlangoni kwa mdogo wangu nilisikia harufu kabla sijamwona. Damu ilikuwa imeanza asubuhi. Mama mkwe alikuwa amemtandikia khanga juu ya khanga.

"Ugonile, dada," mdogo wangu alinisalimu, kana kwamba nimekuja kutembea. Kisha akasema, "Panga vitu vyangu kwenye lile begi la bluu."

"Begi litafuata."

Wanaume wanne wa jirani walimweka kwenye machela ya miti na blanketi, wakatoka naye. Katikati ya uwanja wakasimama. Njia ya kwenda barabarani ilipita mbele ya jiko, na mlangoni pa jiko, kwenye kiti chake, mzee alikuwa anaota jua.

"Tata yupo," mmoja alisema, akimwonyesha mzee kwa kidevu.

"Tuzunguke kwenye migomba."

"Kuna utelezi."

Walisimama na machela, wanaume wazima wanne, na damu ikidondoka kwenye udongo. Mdogo wangu alijaribu kujifunika uso na mkono haukufika. Mimi kwa mila nilipaswa nami kuinamisha macho, kwa kuwa dada wa mkwe ni mkwe. Sikuinamisha. Nilimsogelea mzee nikamwambia, "Baba, mkwe wako anapita."

Mzee alilivuta blanketi lililokuwa magotini mwake akajifunika kichwa na uso wote, akabaki pale kama gunia la viazi.

"Piteni," alisema ndani ya blanketi. "Piteni upesi."

Wakapita. Mdogo wangu alifariki kwenye pikapu, kichwa kikiwa kwenye mapaja yangu, kabla hatujaanza kuona mabati ya Tukuyu. Mtoto alifia tumboni.

Baada ya maziko, waombolezaji walipopungua, niliingia jikoni. Mzee alikuwa amerudi kwenye kiti chake, upande wa mbali na moto. Nilipitisha mkono nyuma ya bega lake, nikatoa kwenye tundu pakiti mbili. Moja ilikuwa nzima. Nyingine ilikuwa tupu mahali pote, isipokuwa safu ya vidonge vya kahawia.

"Unachukua nini, mwanangu?"

"Dawa ya mdogo wangu."

"Ilikuwa hapo?"

"Hapo nyuma yako, baba. Tangu ulipougua."

Aligeuka akalipapasa tundu. Blanketi lilikuwa magotini mwake.

"Angekohoa tu mlangoni," alisema. "Mtu akikohoa, mimi hujifunika."

Duka langu bado lipo, na siku hizi lina milango miwili. Mwanamke akinunua majira kwangu namweleza kama nilivyomweleza mdogo wangu, neno kwa neno, kwa kuwa maelezo yale yalikuwa sahihi na yangali sahihi. Kisha kabla sijamkabidhi pakiti namuuliza ataiweka wapi, na nani hukaa hapo. Wengine hucheka. Asiyenijibu simpi.