Zamu ya Saa Nane

Ujinga huu nimeufanya mwenyewe, msimsingizie shetani. Mimi ndiye mpangaji wa viongozi wa zamu katika kampeni yetu ya kudai barabara ya Wingwi. Kwa majivuno ya kuwahi kusoma Unguja, niliwaandikia kwenye simu kwa saa za Kizungu: "Viongozi wote sokoni, 8:00."

Saa mbili asubuhi soko limejaa, nami niko peke yangu na karatasi za saini. Nikawarushia ujumbe wa sauti: "Wavivu wakubwa! Barabara mtaiota vitandani?"

Saa nane mchana wakaja wote sita. Soko lilikuwa tupu, hata wa kutia saini hayupo. Bi Mwache, mkubwa wao, akanisogezea simu.

"Tusomee, msomi wetu. Hii ngapi?"

"Nane," nikajibu.

"Ehe. Na mvivu nani?"