Lugha ya Kompyuta Niliyoijua Peke Yangu

Naikumbuka vizuri siku ile, mwanangu. Nilikuwa natengeneza programu katika kampuni ndogo pale Temeke, nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza. Zahanati moja ya Mbagala ilitupa kazi ya programu ya kutunza kumbukumbu za dawa za wagonjwa. Nikataka kuiandika kwa lugha ya kompyuta ambayo hapa mjini waliijua wachache mno. Nilikuwa naipenda, maana makosa mengi iliyakamata mapema, kabla hayajamfikia mgonjwa.

Mkurugenzi wetu, Mama Mbilinyi, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Mama kijacho, nimekuelewa. Sasa ukienda kujifungua, nani ataishika?"

Siku zote nilidhani wenye kampuni wanafuata mkumbo tu, wanataka kile kinachotumiwa na kila mtu. Kumbe mwenzangu alikuwa anamfikiria nesi aliyekwama dirishani, foleni imejaa, na fundi wa kumwita hayupo.

"Nikimfundisha mwingine je?"

"Hapo tutaongea."

Basi nikamshika Neema, tuliyekuwa tunakaa naye meza moja. Kila mchana tulikula wali maharage huku kompyuta iko katikati yetu. Mwanzoni alisita. "Sista, mie hii nikishaijua, nani ataniajiri?" Swali la haki kabisa. Nilimwambia tu kwamba itamnoa akili. Akajifunza, tena kwa bidii, na Mama Mbilinyi akaturuhusu.

Siku ya pili baada ya kujifungua, Neema alikuja wodini na chupa ya supu. Akampakata mtoto, akasema, "Programu yetu iligoma jana. Nimeenda Mbagala, nimeitengeneza, watu wamepata dawa zao."

"Mbona hukunipigia?"

"Nikupigie ya nini, na umeshanifundisha?"

Nilicheka mpaka mshono ukauma. Katika kazi yangu, raha kama ya siku ile sijaipata tena.

Kwa hiyo, mwanangu, ukipenda chombo ambacho makampuni yanakipita, usiwadharau wenye makampuni. Waulize wanahofia nini, uwasikilize. Halafu mtafute mwenzako umfundishe, hata kama itakuchelewesha, ili siku usipokuwepo kazi isisimame.

Mungu akujalie kazi unayoipenda, na watu wema wa kuifanya nao.