Nguzo Nne za Bondeni

Bwana aliyetusimamia tulipojenga laini ya umeme kutoka Kibaha kwenda shamba la mkonge ng'ambo ya Mlandizi hakuwa mtu wa kupiga watu. Nasema hivyo mapema kwa sababu wajukuu wangu wakisikia habari za wakati wa Mwingereza husubiri kiboko kitokee. Huyu hakuwa na kiboko. Alikuwa na ramani na pini. Nimefanya kazi chini ya watu waliopiga, na ingawa ni aibu kukiri, niliwaheshimu kuliko yeye.

Ramani aliitundika ndani ya hema lake pale Mlandizi. Kila nguzo ilikuwa doa, na nguzo ikisimama yeye huchoma pini nyekundu juu ya doa lake. Asubuhi alisimama mbele ya ramani hiyo na kikombe cha chai, akiitazama kama bwana harusi anavyojitazama kwenye kioo. Mashimoni hakufika. Wiki nzima ingepita sisi tunachimba na kusimamisha, na yeye anajua tulipofika kwa kuuliza tu.

Mimi nilikuwa mnyapara. Chini yangu kulikuwa na watu arobaini wa sululu, chepe na mitarimbo, na fundi mmoja wa kupanda nguzo, mwenyeji wa Mbwawa, mtu mwembamba mwenye maneno machache. Nilizaliwa Kisarawe, kwenye nyumba ya wakulima wa mihogo na mikorosho, na Kiingereza changu nilikiokota jeshini wakati wa vita. Hakikuwa kingi, lakini kilitosha kuelewa ninachosemewa. Hilo Bwana hakulijua, kwa sababu hakuwahi kuuliza.

Aliyekuwa akizungumza kwa niaba yetu ni karani. Alitoka mjini, soksi zimevutwa mpaka magotini, na alikuwa hakai juu ya jiwe bila kutandika leso kwanza. Kazi yake ilikuwa kutafsiri, na alikuwa na kipaji cha ajabu: neno liliingia kwake na miiba, likatoka upande wa pili limechunwa. Bwana alimpenda. Nani asingempenda mtu ambaye kila ukimsikiliza unasikia habari njema?

Tulipofika bondeni, karibu na mto Ruvu, tulimkuta bibi mmoja akisafisha majaruba yake ya mpunga. Ilikuwa kiangazi, ardhi imepasuka.

"Shikamoo, bibi," nilimwambia.

"Marahaba. Mnapima nini?"

"Tunapitisha umeme."

"Upite tu. Lakini hapa hapasimami kitu, mwanangu. Masika mto unahamia hapa. Mimi mwenyewe nahama."

Akanipeleka kwenye mkuyu uliokuwa pembeni akanionyesha shina lake. Tope kavu lilikuwa limeganda mpaka usawa wa bega langu. Alirudi kwenye jembe lake, akaniacha nikitazama mti.

Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipokwenda hemani bila kuitwa. Nikamwambia karani amweleze Bwana kwamba bonde hilo hufurika, na kwamba tukizunguka kwa njia ya juu, ile inayoelekea Magindu, tutaongeza nguzo tisa tu na laini yote itakaa pakavu.

Karani akasafisha koo. Kwa Kiingereza akamwambia Bwana kwamba mnyapara anapendelea njia ya juu kwa sababu ina kivuli kizuri kwa wafanyakazi.

Bwana akacheka. Akainuka, akaweka kidole juu ya ramani, akanijibu kwa Kiswahili chake cha kuamrisha wapishi: "Mto iko huku. Hapa hapana mto. Hapa shamba tu. Wewe ona hii mstari? Mstari hapana kona."

Ningeweza kumjibu. Maneno niliyahitaji kama matano hivi, na nilikuwa nayo. Niliwatazama wote wawili, mmoja na kidole chake juu ya karatasi, mwingine na soksi zake, nikaona hawastahili hata hayo matano. Nikajiambia, acheni muanguke na mstari wenu. Nikasema "Ndiyo, Bwana," nikatoka. Nilitembea kurudi kambini nimeridhika nafsi yangu, kana kwamba nimewashinda.

Basi tukaendelea. Kazi ikachelewa kidogo kwa sababu lori lilivunjika ekseli, na siku tulizolisubiri pini hazikusubiri. Bwana alizichoma kwa kufuata tarehe zilizoandikwa ofisini. Niliingia hemani asubuhi moja nikaona laini imeshavuka bonde na kufika shambani kwa Mzungu wa mkonge, huku nguzo zenyewe zimelala chini kando ya barabara, mbuzi wanajikuna juu yake.

Ndipo ikaja barua kwamba mkubwa wake kutoka mjini atakuja kukagua baada ya siku tatu, na kwamba angependa kuona hasa pale laini inapovuka bonde.

Sijawahi kumwona mtu mzima akibadilika rangi vile. Siku hiyo alifika mashimoni, kwa miguu, viatu vyake vya ngozi laini vikilia. Tulikuwa tukichimba mashimo ya nguzo nne za bondeni tangu alfajiri. Ingawa juu palikuwa pakavu, kwenye futi tatu maji yalitoka kwa chini na kulijaza shimo kama kisima, na kuta zake zikawa zinaporomoka ndani. Nguzo zile zilitakiwa kuzama futi sita. Kazi kama hiyo huhitaji mapipa, mawe na saruji, na sisi hatukuwa na hata mfuko mmoja.

"Simamisha," Bwana alisema.

"Futi tatu, Bwana?"

"Simamisha."

Tukasimamisha. Lakini nguzo ina siri yake. Kiwandani huchomwa chapa, duara lenye mstari chini yake, futi kumi kutoka kitakoni. Nguzo ikizama sawasawa, chapa hukaa usawa wa kifua cha mtu, na mkaguzi akipita tu anajua. Zetu nne chapa zilikaa juu ya kichwa. Hata mbumbumbu angeziona.

Bwana akazitazama muda mrefu. Kisha akaita karani, wakanong'onezana, na karani akaja kwangu.

"Bwana anasema chapa zimekaa vibaya. Zirekebishwe."

"Chapa hairekebishwi, bwana karani. Nguzo ndiyo inayorekebishwa."

"Mimi ninakuambia alichosema."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa ametafsiri bila kuchuna.

Nilipanda juu ya sanduku, nikakwangua zile chapa za kiwandani kwa randa, moja baada ya moja, nikapaka ile dawa nyeusi ya kuzuia mchwa mpaka alama za randa zikafifia. Kisha nikapasha chuma moto na kuchoma chapa mpya usawa wa kifua changu. Duara, mstari chini yake. Mkono wangu ni mzuri, zikatoka safi kuliko za awali. Fundi wa Mbwawa alikuwa kwenye nguzo ya jirani akifunga vikombe vya kaure vya kushikia waya. Alinitazama kutoka juu, akaendelea kufunga.

Mkubwa akaja na gari lake, akatembea bondeni, akaziona chapa, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Yule bibi alikuwa amekuja kusimama kandokando, kanga yake kichwani. Alimwendea mkubwa moja kwa moja, akasema polepole ili aeleweke:

"Baba, hizi nguzo zitalala. Na zikilala zitalalia mpunga wangu. Ninaomba uzihamishe."

Mkubwa akamgeukia karani. Karani akatabasamu. "Anakushukuru kwa kuwaletea mwanga," alimwambia kwa Kiingereza.

Mkubwa akampa bibi mkono. Bibi aliupokea, akasubiri jibu. Walikwenda kunywa chai hemani, na bibi akabaki ananitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nimebaki.

"Amesema nini?" akauliza.

"Amesikia," nilimwambia.

Uongo huo nao ni wangu, karani hamo humo.

Masika yalikuja mapema. Wiki ya pili ya mvua mto ulihamia bondeni kama bibi alivyosema, na nguzo zikaanza kuinama, mbili upande huu, mbili upande ule, kama watu waliogombana. Umeme ulikuwa haujapitishwa bado. Bwana akaogopa waya usivute na zile nguzo za pakavu, akaamuru fundi apande nguzo za bondeni afungue waya.

Fundi aliingia majini mpaka kiunoni, akavaa vyuma vyake vya kupandia. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye tuta, si mbali. Nilijua nguzo ile imezama kiasi gani. Nilimwambia, "Taratibu." Hilo ndilo neno nililompa, taratibu, kana kwamba ameshika bakuli la uji.

Alipofungua waya wa kwanza nguzo ilipoteza kitu pekee kilichokuwa kinaishika. Haikuanguka kwa kishindo. Ilijilaza, na yeye amefungwa kwa mkanda wake juu. Tulimtoa chini ya maji akiwa hai, nyonga imevunjika. Tulimbeba kwenye kitanda cha bibi, ambacho alikuwa ameshakihamishia juu pamoja na vyungu vyake, mpaka kwenye lori, na lori likampeleka hospitali mjini.

Mkubwa alirudi kuuliza yaliyotokea. Bwana akamwambia kwamba wachimbaji walikuwa wavivu na hawakuchimba alivyoagiza. Alisema hivyo mbele yangu, sauti yake shwari kabisa, kwa kuwa aliamini sielewi. Nadhani hakuna dharau niliyowahi kuihisi iliyofika ile. Mtu anayekuogopa anaposema uongo hukutazama. Yeye alikuwa akitazama kucha zake.

Nikasema kwa Kiingereza, "Bwana mkubwa, njoo nikuonyeshe kitu."

Wote wakageuka. Karani akakaa chini, safari hii bila leso.

Nilimpeleka kwenye nguzo iliyolala. Nikapangusa tope, nikakwaruza dawa nyeusi kwa kisu, pakaonekana pale randa ilipopita.

"Hapa palikuwa na chapa ya kweli," nikasema.

Akapitisha kidole. "Nani alichoma hii nyingine?"

"Mimi."

"Kwa amri ya nani?"

Nikamwambia. Akamwita karani, akamuuliza. Karani akasema hajawahi kusikia amri kama hiyo. Mkubwa akasimama pale kidogo, mvua ikimpiga kofia. Aliujua ukweli, nilimwona akiujua. Kisha akafunga daftari lake.

Ripoti ilisema mafuriko yasiyotarajiwa. Mimi nilifukuzwa kwa kuharibu chapa, jambo ambalo kwa kweli nililifanya. Bwana alihamishiwa bara, na nilisikia amepewa laini ndefu kuliko yetu. Karani akaenda naye. Laini ikahamishiwa njia ya juu. Nilipita huko baadaye nikahesabu: zilikuwa nguzo kumi, si tisa. Nilikosea moja. Mpunga wa bibi mwaka ule ulikwenda na maji kama miaka mingine, na maji yalipopungua, akapanda tena.

Fundi alipotoka hospitali nilikwenda kwao Mbwawa. Nilimkuta amekaa barazani, mguu umenyooshwa juu ya kigoda. Tukasalimiana. Mkewe akaniletea maji. Nikasubiri aondoke, nikamwambia kwamba zile chapa nilizichoma mimi.

"Nilikuona," alisema.

"Sasa mbona ulipanda?"

"Nilikuangalia wewe. Nikasema, mnyapara yupo kwenye tuta, anaijua nguzo hii kuliko mimi. Ingekuwa mbaya, angesema."

Nikaanza kumwambia habari za Bwana, za karani, jinsi walivyokuwa watu ovyo, wasiostahili hata kuambiwa ukweli. Akanikatiza.

"Hao siwajui. Sikuwahi kuzungumza nao. Wewe ulikuwa unakula na mimi."

Shamba lake la mihogo lilikuwa limemezwa na majani, na mkewe peke yake hakuliweza. Nikalala kwao. Kesho yake nikachukua jembe. Nililima pale misimu miwili, nikienda Kisarawe na kurudi, na yeye akikaa kwenye kigoda kando ya shamba akinikosoa: hapo umeacha mizizi, hapo umekata mche. Hakuwahi kunishukuru, wala sikutarajia. Msimu wa tatu mdogo wake aliacha kazi kwenye mkonge, akarudi nyumbani, na nilipofika na jembe langu nikakuta shamba limeshapaliliwa. Tulikula chakula cha mchana pamoja, wali na kunde. Kisha nikashika njia ya Kisarawe.