Analipwa Vizuri Apigwe Kama Mtu Mwingine

"Shusha bega! Yule jamaa hasimami hivyo!" anafoka kocha, saa moja asubuhi, na bondia anashusha bega. Mwezi huu anatumia mkono wa kushoto. Kengele inalia, bingwa anamjia, anamtandika mbavuni, na waliozunguka ulingo wanapiga makofi. Wanampigia bingwa, bila shaka.

Jamani, kuna kazi duniani! Baba huyu wa watoto watatu, miaka thelathini na mbili, ameajiriwa na bingwa wa ngumi awe mpinzani wake wa mazoezini. Bingwa akipangiwa pambano, yeye anakaa na video wiki nzima, anajifunza mpinzani anavyotembea, anavyokwepa, hata anavyohema. Kisha anageuka kuwa mtu huyo, na anapigwa kwa niaba yake. Pale jimu wanamwita Fotokopi.

Usimwonee huruma haraka, lakini! Mshahara wake unazidi wa mkewe, mwalimu wa sekondari, mara kumi na mbili. Nyumba ni yake, vigae mpaka jikoni. Ada zimelipwa hadi mwisho wa mwaka.

"Watu wananiambia, kaka, umetoboa," anasema sebuleni, barafu mbavuni. "Labda nimetobolewa."

Maana kwa miaka saba hajacheza pambano hata moja. Mkataba unamkataza, asije akaumia huko na kumwacha bingwa bila mtu wa kumpiga.

Mama yake alimwona bingwa kwenye televisheni, akauliza, "Huyu ndiye anayekupiga?"

"Ndiye, mama."

"Na wewe unaonyeshwa saa ngapi?"

Mwezi uliopita, mkataba ukiwa unakaribia kuisha, promota mmoja mdogo alimpa pambano la raundi sita, lake mwenyewe, kwa malipo yasiyojaza hata tangi la gari. Mkewe hakumzuia. "Nenda, tutabana. Niliishi kwa mshahara wa ualimu kabla yako, sikufa."

Akaenda kwa kocha wake wa zamani. Kocha akamwambia, pigana unavyopigana wewe.

"Nikaanza kushoto, nikakumbuka huyo ni wa mwezi huu. Nikageuka kulia, huyo wa mwaka jana. Mzee akaniuliza, 'Sasa wewe uko wapi?' Nikavua glavu."

Ijumaa akasaini kwa bingwa. Miaka miwili mingine, na nyongeza juu.

Je, pesa zinafidia? namuuliza.

"Zinalipa," anajibu. "Kufidia ni kitu kingine, dada."

Mkataba ukiisha atakuwa na miaka thelathini na nne, na mpango anao. Pambano moja tu, hata la bure, hata kwenye ukumbi wa viti vya plastiki, mtangazaji aite jina lake.

"Nikidundwa, basi nidundwe mimi."